Baba, Chungu cha Kumi na Mbili Hakijarudi

Ni mwaka mmoja sasa tangu uinamishe kichwa juu ya meza yako ya roshani, sindano ikiwa bado vidoleni, usiinuke tena. Mama alidhani unatafuta pini iliyoanguka. Alikuambia, "Chai inapoa." Akakuambia tena. Halafu akanyamaza, na sisi tuliokuwa chini dukani ule ukimya wake ndio uliotupandisha ngazi.

Tangazo la namna hii huwa fupi, Baba. Picha, tarehe, mistari minne, basi. Hili litakuwa refu kwa sababu naliandika mimi, binti yako wa kwanza, uliyeniita Redio na hukukosea. Pia kuna jambo ambalo wewe unalijua na sisi hatulijui. Ile miti yako kumi na miwili ya kwenye vyungu tuliigawa siku ya mazishi. Kumi na mmoja imerudi. Mmoja uko kwa mwanamke tusiyemjua jina, na tusipompata mapema tutamwua sisi, si mtu mwingine.

Lakini acha kwanza watu wakujue.

Ulikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mmoja. Duka lile lile, dirisha lile lile, na ngazi kumi na saba kutoka cherehani mpaka kitandani. Mteja akiingia na kitambaa, ulikishika kitambaa kwanza kwa dole gumba, ukafumba macho, ndipo ukakumbuka kwamba kuna mtu amesimama anangoja salamu. Mama alikuwa akisema, "Huyu siku moja atalipa shikamoo pazia."

Majina ya watu yalikushinda. Kila mtu ulimpa jina lako mwenyewe, hata ndani ya nyumba. Mama alikuwa Mkaguzi. Mdogo wangu, kitinda mimba wako, alikuwa Kifungo. Ndugu yako, Baba Mdogo, ulimwita Kamati kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua asilolitolea maoni. Fundi mwenzako mliyekaa naye meza moja miaka yote hiyo alikuwa Pasi. Na kwenye daftari la vipimo walijaa akina Shingo Ndefu, Tumbo Mbele, Goti na Bega. Nilikuuliza mara moja, "Baba, hawa watu hawana majina?" Ukanijibu huku unanoa chaki, "Jina analo mwenyewe. Mimi ninavyo vipimo vyake."

Tulicheka siku hiyo. Sasa hivi nikilifungua lile daftari natamani kulia.

Miti ulianza nayo ukiwa na miaka hamsini, umeshaambiwa upunguze kukaa. Uliuona mhadasi wa krepu kwenye ua wa mteja, ukarudi umechanganyikiwa. "Mkaguzi, njoo usikie! Kuna mti unatoa maua ya kitambaa! Krepu kabisa, imekunjwa ukingoni, hata pindo limo!" Ukaomba tawi moja, ukalipandikiza kwenye kopo la bobini za cherehani. Miaka saba baadaye lilikuwa bonsai, mti mzima usiozidi urefu wa mkono wa mtoto, wenye shina laini linalobambuka magome na kubaki na mabaka ya rangi tatu. Ulilipapasa lile shina kama unavyopapasa suti iliyopigwa pasi vizuri.

Ulitufundisha sote, tupende tusipende. Mti huu, ulisema, maua yake hutoka kwenye tawi la mwaka huu tu. Tawi la mwaka jana limeshavaa, limeshavua. Kwa hiyo majani yakishapukutika, kabla machipukizi hayajafura, unapogoa bila huruma, unaacha macho mawili, vile vinundu vya kuchipulia, kila tawi. Mama alikuwa anageuka asitazame, kwa sababu mti ulibaki kama kidole kilichokatwa. "Ukilihurumia tawi, umelinyima ua," ulimwambia. Waya wa kuelekeza matawi uliuzungusha polepole kwa sababu gome ni jembamba, na kila Jumapili ulipita ukikagua kama haujauma. Mizizi uliipunguza kwa vipimo, kama vile unakata nguo ya mtu aliyepungua mwili.

Na mikasi yako! Mtu asiguse. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, wa karatasi haukati kitambaa, na mkasi wa mti haukati uzi, hata dunia ikizama. Kifungo aliwahi kufungua bahasha kwa mkasi wa kitambaa akiwa darasa la tatu, na mpaka leo, japo ni mke wa mtu, anaisimulia siku hiyo akiwa ameshika sikio lake.

Nakuomba msomaji unayetusikia uukumbuke mkasi huo wa mti. Kule roshani Baba alikuwa na huo tu. Wa kitambaa, aliokatia na uzi, aliuacha dukani, ngazi kumi na saba chini.

Miaka miwili kabla hujatutoka, vidukari waliingia. Walijaa kwenye vichipukizi vyororo, chini ya majani, hadi ukanata mkono ukigusa, na yale majimaji yao yakaota masizi meusi juu ya maua yako ya krepu. Uliichukulia kama matusi. Ulijaribu maji ya sabuni, ukajaribu kuwaokota mmoja mmoja kwa kibano. Wakarudi. Halafu ghafla hawakurudi tena, na wewe ukawa unatembea kifua mbele. Tulipokuuliza umefanyaje, ulisema, "Siri ya fundi."

Siri yenyewe tumeijua tumeshachelewa. Ulinunua kwa mtu wa mtaani mfuko usio na karatasi ya maelezo wala jina, chembechembe nyeusi ndogo kama ufuta. Ukafanya ujuzi ambao ni wewe tu ungeufikiria: ukashona vifuko vya kitambaa chembamba, vidogo kama kisanduku cha kiberiti, ukavijaza, ukavifunga mdomo kwa mshono safi, ukakizika kimoja chini ya mizizi ya kila mti ili dawa itoke polepole kila unapomwagilia. Mshono mzuri, Baba. Nimeuona. Hata nilipokuwa na hasira niliona kwamba ni mzuri.

Na kila ulipomaliza kifuko, ulikata uzi kwa meno.

Mama alikuona. Hakujua umeshika nini, aliona meno tu. "Una mikasi mitatu, mwenye nyumba, meno ya nini?" Ukamjibu, huku uzi mdomoni, "Mkasi wa mti haukati uzi." Yeye akasonya akaenda zake jikoni. Anaisema sentensi hiyo siku hizi akiwa peke yake, nikiingia ananyamaza.

Ulianza kutokwa jasho asubuhi kwenye baridi. Macho yakawa yanachuruzika. Mate yalikujaa, ukaanza kutembea na kitambaa cha kufutia mdomo, ukatania kwamba umerudi utotoni. Zahanati walisema presha, halafu wakasema uzee. Tulikubali, maana tulitaka jibu lolote lile. Lakini Pasi aliniita pembeni siku moja akanionyesha suruali uliyoshona. Mshono wa pembeni ulikuwa umepinda. Miaka arobaini na mmoja, hajawahi kuona mshono wako umepinda. "Mikono ya Baba yako si yake," aliniambia. Nami nikasema, "Atapumzika tu, atapona." Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Siku ya mazishi, wazo la kugawa miti lilikuwa langu. Nalikiri hapa mbele ya watu. Niliipanga kwenye kibaraza, majira ya kupogoa, haina hata jani, nikasema kila aliyempenda fundi aondoke na mmoja. Watu walilia. Nikaandika nani kachukua upi. Kumi na mmoja nimewaandika. Kwenye mstari wa kumi na mbili niliitwa nikaonyeshe sufuria ziliko, na niliporudi chungu hakipo. Mama peke yake ndiye aliyemwona aliyekichukua: mwanamke wa makamo, mwenye miwani, ndani ya gauni la krepu la bluu. "Gauni la kwetu," Mama alisema. "Lile pindo ni la baba yenu, hata kipofu angelijua."

Tuliridhika na hilo. Chungu kiko kwa mtu anayevaa mshono wako, tunataka nini zaidi?

Miezi mitano baadaye, paka wa jirani alikiangusha chungu cha Baba Mdogo. Udongo ukamwagika, na ndani yake kikatoka kifuko. Unamjua ndugu yako. Kwanza alisema tumerogwa, hii ni hirizi, na akaanza kutaja majirani. Halafu akaona kwamba mshono ni wako, akabadilika, akasema ni mbegu za akiba ulizomfichia yeye kwa mapenzi. Akamimina kiganjani. Akanusa. Akaweka chembe mbili kwenye ulimi, maana Kamati lazima atoe maoni.

Nusu saa haikupita. Jasho, mate, machozi, mwili mzima unacheza. Mke wake anasema mboni za macho yake zilikuwa zimebaki kama tundu la sindano. Tulimfikisha hospitali amelegea. Daktari, dada mmoja mpole wa sauti, aliuliza swali moja tu: "Ameshika dawa gani ya wadudu?" Tulimpa kile kifuko. Alikifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki kabla hajasema neno. Baba Mdogo alipotulia, Mama akamwuliza yule daktari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza saa: "Na mtu akiwa anavishona hivi, anakata uzi kwa meno, mwaka mzima?"

Daktari alikaa chini. "Mama," akasema, "alikuwa nani wako?"

Basi ndipo tulipokuzika mara ya pili.

Sasa naja kwenye kosa letu, na hili si lako. Baba Mdogo, akiwa bado na sindano ya dripu mkononi, alitukalisha kikao. "Marehemu haanikwi," alisema. "Watu watasema fundi alikuwa anagawa sumu. Jina lake litabaki nini?" Tukamsikiliza. Tukapita nyumba kumi tukidai vyungu kwa uongo: Mama amezidiwa na majonzi, anataka miti yake. Kuna mzee alitutazama akasema, "Yaani mnatoa kwa mkono wa kulia mnapora kwa wa kushoto?" Akaturudishia na hakutuaga. Tukavumilia. Vifuko vyote vilikwenda hospitali, na chungu cha kumi na mbili tukawa tunakitafuta kimya kimya, kwa kuulizana wenyewe kwa wenyewe, kama watu waliopoteza ufunguo ndani ya nyumba yao.

Hata Pasi hatukumwambia. Mtu aliyekaa nawe meza moja.

Wiki tano zilizopita, mchana, Pasi yuko dukani peke yake. Anaingia mwanamke mwenye miwani, ameleta gauni la krepu la bluu lipunguzwe. Pasi alimpima akaandika. Kiuno kilikuwa thelathini na nne ulipolishona; sasa ni ishirini na nane. Alimpa kiti kwa sababu alikuwa anatokwa jasho. Mikono ilimtetemeka alipokuwa anafungua mkoba, Pasi akadhani ni njaa, akamkaribisha chai. Akakataa, anasema mate yanamjaa, hata chai haimpendezi. Halafu akatabasamu akamwambia, "Mti wangu mzima kabisa. Hauna hata kidukari kimoja. Nafuata vile vile alivyonifundisha."

Pasi alifurahi! Angefanyaje? Hakujua lolote. Alimwambia gauni litakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo, akamsindikiza mpaka mlangoni, na jioni akatusimulia kama habari njema.

Kifungo ndiye aliyetoa ukelele. Nikalivuta daftari lako, nikatafuta krepu ya bluu. Nikampata. Umeandika kwa mkono wako, herufi zimeanza kuyumba: "Bega. Mabega inchi kumi na tano na nusu. Kushoto kumeshuka nusu inchi, fidia kwa pamba. Mkono ishirini na mbili. Kiuno thelathini na nne." Na chini yake, kwa penseli: "Anakuja Jumamosi kujifunza miti. Amechukua vifuko sita na dawa ya kuvijaza. Nimemfundisha na kufunga uzi."

Baba, vifuko sita. Na kufunga uzi umemfundisha wewe, na wewe tunajua ulikuwa unaukata kwa meno.

Jumamosi ile tulifika dukani wote kabla duka halijafunguliwa. Mama alivaa nguo zake nzuri. Baba Mdogo alisimama nje anachungulia bega la kila mwanamke anayepita, mpaka bwana mmoja akamwuliza ana shida gani. Mwenye gauni hakuja. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya tatu, hakuja. Juzi ilikuwa ya nne. Pasi amelipiga pasi lile gauni mara mbili bila sababu. Limetundikwa pale kwenye ndoano yako karibu na kioo, jembamba, na wateja wakiliona wanauliza ni la msichana gani.

Jana usiku usingizi ulikataa, na leo asubuhi nimewaambia: naandika gazetini. Baba Mdogo alisimama. "Kaka yangu hataanikwa na mtu nikiwa hai." Nikamjibu vibaya, sitasema nilivyomjibu. Mama ndiye aliyetuamua, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Kilio cha kwanza tumeshalia. Mnangoja cha pili?" Baba Mdogo alikaa. Halafu akaniambia, "Andika na mimi nilivyoweka ulimini. Waandikie, wasije wakadhani ni hadithi." Nimeandika, Baba Mdogo.

Maana nje miti imeanza kufura macho. Kesho kutwa ni vichipukizi, na vichipukizi vikitoka vidukari watarudi, na yule mwanamke, kama bado ana nguvu ya kupanda ngazi zake, atajaza kifuko kingine.

Niruhusu nigeuke kidogo, Baba, nizungumze naye.

Dada, au Mama, au Shangazi wa mtu, mimi jina lako sina. Ninavyo vipimo vyako. Kama bega lako la kushoto limeshuka nusu inchi na fundi mmoja mcheshi alikuwekea pamba lisionekane, ni wewe. Usikiguse kile chungu. Usifungue vile vifuko, usivitupe mtoni wala jalalani, usimpe mtu. Nawa mikono, nenda hospitali leo, waambie ni dawa ya wadudu, si presha na si uzee. Wakikuambia ni uzee, kataa. Sisi tulikubali. Na wewe mwingine unayesoma, kama jirani yako ni mwenye miwani, amekonda ghafla, na ana mti mdogo mzuri dirishani, mgongee mlango. Asipofungua, gonga tena.

Narudi kwako, Baba. Mimi nina hasira nawe, na ninakupenda, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja. Hukukusudia. Ulitaka maua yasiwe na masizi, na ulitaka mtu mmoja duniani apende unachokipenda. Miti kumi na mmoja tumeiweka udongo mpya. Mama amepogoa mwenyewe mwaka huu, ameacha macho mawili mawili, na hakugeuza uso. Uzi tunaukata kwa mkasi wa mti. Tusamehe kwa hilo.

Unakumbukwa na mkeo, Mkaguzi. Na binti zako, Redio na Kifungo. Na mdogo wako, Kamati, ambaye ametia sahihi. Na rafiki yako Pasi, anayefungua duka Jumamosi kabla ya jua. Yupo pia mmoja ambaye tungependa awe kwenye orodha hii. Huyo tukimpata tutamwandika kwa jina lake, si kwa bega lake, na tunaomba isiwe kwenye tangazo kama hili.

Gauni bado limetundikwa. Daima tutakukumbuka.